Nilisema Gari Libaki

Mheshimiwa Mhariri, nifichie jina langu na kijiji chetu, maana gazeti hili baba yangu husomewa kila linapofika. Majina ya watoto nimeyabadili mwenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, Msukuma wa upande wa Shinyanga. Nimeolewa na Mwarabu mwenye duka huku Geita, karibu na mgodi, na tuna watoto wawili, Saidi wa miaka kumi na Zuhura wa miaka sita. Kuandika nilifundishwa misheni, kabla sijasilimu. Nasema mapema kwamba nina mdomo mwepesi. Mume wangu hunitania kwamba nikianza kusema, wateja wanasahau walichokuja kununua. Mdomo huohuo ndio umenimaliza.

Mwaka huu aliitwa kwao Maskati. Kaka yake amefariki, mama yao amebaki peke yake na shamba la mitende. Nilipomuuliza, "Tunasafiri lini?" alikung'uta kofia yake akasema, "Mama Saidi, wewe huko hutaweza. Nitangulie mimi, nikitulia nitakuandikia." Nikajua. Barua za namna hiyo haziandikwi. Ila kulikuwa na jambo moja lililonipa moyo, nalo ni gari lake. Anavyolipenda gari lile, jamani! Akilisikia linakohoa anaacha chakula. Wiki nzima alikuwa hajui alipakie kwenye behewa hadi Dar es Salaam, livuke naye kwa meli, au aliache. Asubuhi linakwenda, jioni anasema huko kwao ni mchanga mtupu, litamfia. Nikawaza, akiliacha atalirudia, na akilirudia gari ataturudia na sisi.

Sasa niwaeleze gari lenyewe. Aliponioa alimpa baba ng'ombe ishirini wa bukwi, ndiyo mahari yetu Wasukuma. Baada ya miezi michache akaja kuwaazima walewale, akawauza mnadani, akanunua gari. Ndiyo maana kwetu linaitwa Ng'ombe. Likiingia uani, wajomba wanalipiga kofi boneti, "Naona wamenenepa!" na sote tunacheka. Baba na mume wangu walipatana nini siku ile ya kuazimana, sikujua. Nilikuwa bibi harusi mpya, niko jikoni nasonga ugali wa wageni, nani angeniita?

Wiki mbili zilizopita tukaenda wote kwa baba kuaga. Wazee wawili wa jirani waliitwa. Mume wangu akatoa shikamoo zake, akasimama, akasema kwa Kisukuma kizuri kuliko changu, "Baba, gari hili ni ng'ombe wa binti yako. Siwezi kuamua peke yangu. Aseme yeye, nilipakie au libaki." Mayu wane, mama yangu! Mimi, kuulizwa mbele ya wazee! Sikungoja aulize mara ya pili. "Libaki!" nikasema. "Libaki hapahapa kwa baba!" Wazee wakapiga makofi. Mume wangu akamkabidhi baba ufunguo kwa mikono miwili, na mimi nikapiga kigelegele. Nilipiga kigelegele, ndugu zangu, kwa mdomo wangu huu.

Ndipo akasema taratibu, "Basi baba, ng'ombe wamerudi. Mahari imetimia. Nitasafiri na wanangu wote wawili."

Nikamtazama baba. Akainamisha kichwa. Kumbe siku ile ya kuazimana walipatana hivi: ng'ombe wasiporudi, mimi ni mke niliyechukuliwa bure, na watoto ni wa kwetu. Wakirudi, au gari likikaa badala yao, watoto ni wa baba yao popote aendapo. Ningesema lipakiwe, angeondoka na gari lake na wanangu wangebaki. Yeye alijua. Alinipa mimi niseme kwa sababu anaujua mdomo wangu.

Nilimlilia baba, "Kwa nini hukunikonyeza hata kwa jicho?" Akasema, "Mwanangu, nilidhani unajua. Nilidhani umekubali ili mdogo wako aoe." Maana kwetu ng'ombe wa dada ndio humwolea kaka, na mdogo wangu wa kiume ameshachumbia huko Masumbwe. Nikasema basi, neno langu nalirudisha. Baba akaniambia nikifanya hivyo nimemvua nguo mbele ya wazee wenzake, na bora ningemtukana. Mume wangu, nilipomshika kanzu, alinijibu maneno mawili tu, "Uliulizwa, ukajibu." Hakufoka. Namchukia zaidi kwa sababu hakufoka.

Saidi ana furaha, anawaringia wenzake habari za meli, na sina moyo wa kumkasirikia. Zuhura hanibanduki. Juzi nilikuwa namsuka, akaniuliza, "Mama, kwani wewe ulilitaka gari?" Nikamwambia ainamishe kichwa, nikaendelea kusuka.

Treni ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nimewaza kukimbia na Zuhura, lakini nitakimbilia wapi ikiwa kwa baba ndiko walikomtoa? Nimewaza kulichoma moto gari lenyewe, nikaona haliwezi kunirudishia mtu. Limekaa uani kwa baba, kuku wameshaanza kutagia chini yake, na kila anayepita ananipongeza.

Nishaurini, wasomaji wenzangu, nyie wa Tanga na Tabora na popote mlipo, nifanye nini? Najua gazeti hutufikia huku limechelewa, na majibu yenu yatakuja kunikuta peke yangu. Niandikieni hivyohivyo. Nataka mtu aniambie, pale nilipoulizwa, mwanamke asiyejua angesema nini kingine.