Uso Niliokwenda Nao Kwenye Ruracio Yangu

Jameni, wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa Komarock: siku ya ruracio yangu, sherehe yetu Wakikuyu ya kuleta mahari, mbele ya wazee wa pande zote mbili, mchumba wangu alifunua leso, akaniangalia machoni, halafu akaniomba msamaha kama mtu aliyefungua mlango usio wake.

Chanzo ni mimi na haraka zangu. Ijumaa mchana, siku moja kabla, mama wa saluni alinipaka asidi ya kubambua ngozi ya juu, eti vitamini C ipate njia ya kuzama ndani, akanionya, "Usiguse kitu kingine wiki mbili, umeskia mrembo?" Nikasema sawa. Nikafika nyumbani nikaona bado sing'ai (nilikuwa nimengoja dakika arobaini nzima, mnataka nini?), nikachukua rola ya sindano ndogo ndogo niliyonunua mtandaoni, nikaipitisha usoni kote mara tatu, nikamalizia na nusu chupa ya vitamini. Ilichoma nikafurahi, nikajua inaingia.

Ikaingia kweli. Asubuhi kwenye kioo kulikuwa na mtu. Uso umejaa, umenyooka, unameremeta kama bakuli la plastiki, na nilipotabasamu yule wa kioo hakutabasamu. Binamu yangu Wairimu akaingia na chai, akanitazama, akauliza polepole, "Umemwona Njeri?" Njeri ni mimi.

Nikajipa moyo kwamba tutafunikwa. Kwetu wasichana hufunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, mchumba amtambue wake, na Muriithi alikuwa amejigamba wiki nzima kwamba hawezi kunikosa. Tukakaa watano chini ya hema, kimya. Nikasikia viatu vyake. Leso yangu ikainuliwa, nikamwangalia kwa mapenzi yangu yote, nikingoja acheke.

"Pole sana, dada," akasema, akanifunika tena taratibu.

Akawafunua wengine wote, kisha akawaambia wazee, "Hayuko hapa." Kina mama wakaacha kuimba. Nilitaka kusema ni mimi, lakini midomo ilikuwa imekaza, ikatoka sauti nyembamba nisiyoijua, na shangazi yake mmoja akaanza kukemea pepo, "Shindwe! Shindwe!"

Wairimu akasimama. "Ni huyu, aki ni huyu!"

Muriithi akarudi, akapiga magoti, akanitazama muda mrefu mno. "Njeri? Ni wewe ama?" Nikaitikia kwa kichwa, machozi yakiniunguza mashavu.

Mbuzi wa faini, aliyotozwa Muriithi kwa kunikosa, aliliwa, ngozi ikapona, tukaoana. Rola niliitupa, na vitamini C siku hizi naipata kwa chungwa, ndani ya tumbo, basi, sirudii tena. Ila kuna jambo sijamwambia Muriithi: naogopa bado. Asubuhi akiamka na kugeukia upande wangu, huwa natulia tuli mpaka aniite jina, ndipo napumua.