Msondo wa Bibi Uliopunguzwa Mwendo

Tangu bibi alipoanguka bafuni mwaka juzi, mimi sipokei simu kama watu wengine. Ikilia tu, moyo unanienda mbio, na kabla sijasema haloo nimekwisha kumzika bibi yangu, nimempangia khitima, nimejiuliza mikeka tutaazima kwa nani. Kumbe ni binamu yangu anauliza kama nimebeba waya wa spika. Binamu hunicheka sana kwa hili. Naye ni mjukuu wa bibi huyohuyo, mtoto wa mjomba wangu, lakini Mungu alimpa kifua. Wasiwasi wote wa ukoo niliachiwa mimi.

Sisi wawili ndio kikundi kizima. Tunatengeneza muziki wa kompyuta, ule wa taratibu usio na maneno, ambao mtu huuweka akitaka kupumzisha kichwa. Hatupigi ala wenyewe. Tunarekodi sauti za watu na vitu, mfagio uani, muuza kahawa akigonganisha vikombe, kisha tunakata vipande, tunavirudiarudia na kuvipanga juu ya biti. Tumepanga chumba kimoja Mapinga, tumeziba kuta kwa magodoro, na bado majogoo wa jirani wanaingia kwenye kila wimbo.

Wazo la kumrekodi bibi lilikuwa langu, nalo lilitoka kwenye hofu. Bibi ni kungwi. Upande wa Kaole anakoishi, ndiye aliyewacheza unyago mama zetu na shangazi zetu, na mimi pia, na msondo wake, ile ngoma ndefu ya unyagoni, hakuna anayeupiga kama yeye. Niliogopa aondoke siku moja bila kutuachia hata mlio. Nikamwendea nikamwomba. Nilijua nyimbo za ndani hazitoki nje, kwa hiyo nilisema mapema kwamba maneno hatuyataki, na binamu, kwa kuwa ni mwanamume, atabaki barazani.

"Ngoma tupu chukueni," alisema. "Ile ya kutolea wari. Hiyo inapigwa nje, kila mtu anaisikia. Lakini mke mwenzangu, nikichoka unishike mgongo."

Bibi huniita mke mwenzangu, na binamu humwita mume wangu, kwa utani wa bibi na wajukuu. Akapiga. Ni ngoma ya furaha, ya siku mwari anapotolewa nje akiwa amepambwa, na mwendo wake ni wa mbiombio. Aliipiga mpaka jasho likamtiririka. Mimi nilishika maiki kwa mkono mmoja na mgongo wake kwa mkono wa pili, nikisikiliza pumzi zake kuliko ngoma yenyewe.

Kule Mapinga binamu aliisikiliza, akatikisa kichwa. Ina haraka mno, alisema, nani atapumzika nayo? Akapunguza mwendo mpaka nusu. Ngoma ikipunguzwa hivyo sauti yake nayo hushuka, inakuwa nzito, unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Juu yake akaweka kinanda, akaweka na maji ya ufukweni yakija na kurudi. Vinyweleo vilinisimama.

"Unaona?" alisema. "Sasa inapumua."

"Inanitisha."

"Wewe hata jiko la gesi linakutisha."

Ni kweli, jiko la gesi linanitisha.

Wimbo ulipokamilika, hoteli moja ya ufukweni, si mbali na kwa bibi, ikataka kuusikia. Tulifunga spika baada ya alasiri, wageni wachache wakiwa wamejilaza kwenye viti. Ulipoanza, meneja alifumba macho, akawa anaitikia kwa kichwa. Binamu alinitazama kwa majivuno, nami mabega yakanishuka kidogo.

Ndipo mama mmoja mpishi akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Alisimama mlangoni akasikiliza. Kisha akajitanda kanga kichwani, bila hata kunawa.

"Kungwi gani kafariki?" aliniuliza.

"Hakuna, mama. Ni muziki wetu."

"Muziki? Mwanangu, hiyo ndiyo anayopigiwa kungwi akifa. Ni ileile ya kutolea wari, ila mwendo unapunguzwa. Kwani wewe hukuchezwa?"

Nilichezwa. Lakini jambo la kungwi akifa haambiwi mwari. Husikiwa siku linapotokea, na mara ya mwisho lilipotokea mimi nilikuwa Dar, mtoto wa shule. Bibi naye hakujua kwamba kuna chombo kinachoweza kuchukua mkono wa mtu kikaupunguza kasi.

Kisha nikafikiria upepo. Ulikuwa unatoka baharini kwenda majumbani. Kinanda na maji huishia palepale kwenye minazi. Mlio mzito ndio unaosafiri. Waliokuwa nyumbani kwao hawakusikia wimbo wa kupumzisha kichwa. Walisikia msondo wa msiba, na kungwi aliyebaki upande ule ni mmoja tu.

Nilimpigia bibi simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Nikamwacha binamu anang'oa waya, nikakimbia. Nilikuwa na mawazo mawili, na sijui lipi lilikuwa baya zaidi: kwamba bibi amesikia msiba wake mwenyewe, presha ikampanda; au kwamba amekufa kweli saa ileile, na sisi tumempigia bila kujua. Njiani niliwapita wanawake waliojitanda kanga, kwanza wawili, kisha kundi. "Pole, mwanangu," waliniambia, na mmoja akanikumbatia akaanza kulia. Nilitaka kumwambia hajafa. Sikuthubutu, kwa sababu sikuwa na hakika.

Uani kwa bibi mikeka ilikuwa imeshatandikwa na kuni zimeshaletwa. Hakuna aliyelia kwa sauti. Walikaa wakitazamana kama watu waliokosea nyumba. Nikapenya katikati yao.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni kwake, mzima, amejitanda kanga kama wao. Simu ilikuwa inaita ndani na hakuna aliyeijali. Nilikaa chini pale nilipofika, nikamshika mguu kuona kama una joto.

"Mke mwenzangu," alisema, "nani kanipigia?"

"Ni wewe, bibi. Ni mkono wako, siku ile tuliyorekodi. Tulipunguza mwendo tu. Wallahi hatukujua."

Binamu alifika anahema. Kifua chake chote kilikuwa kimemwisha, na mkononi alikuwa na simu aliyokuwa akimpigia bibi njia nzima. "Bibi, tusamehe. Naufuta wimbo kwenye simu sasa hivi, na kwenye kompyuta nitaufuta."

"Ukifuta, mimi nitapigiwa na nani?"

Alisema kwa ukali. Kisha akanigeukia mimi, akaeleza polepole. Makungwi wenzake wote yeye ndiye aliyewapigia. Alipompigia wa mwisho alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akautazama mkono wake. Wanawake waliokaa pale masikio wanayo, wanaijua ngoma wakiisikia, lakini kuipiga hakuna anayeweza. Tangu siku hiyo alikuwa anaogopa kuondoka kimyakimya kama kuku.

Miaka yote hiyo sikuwahi kufikiri kwamba bibi anaogopa kitu. Nilidhani hofu ni yangu peke yangu.

"Toeni hayo maji na hicho kinanda," alisema. "Nibakizieni mkono wangu. Na wa kuwasha ni wewe, si mume wangu. Haya ni ya wanawake."

"Bibi, sitaweza. Mimi hata simu ikilia natetemeka."

"Najua. Ndiyo maana nimekutaka wewe. Hawa wakinikuta nimelala usingizi mzito watawasha. Wewe utaniita kwanza. Utaniita, utaniita tena, mpaka watu wakushike mikono."