Mgongo wa Bibi Kunyanzi

Bibi Kunyanzi alipiga pasi miaka ishirini na mitatu katika jengo la kufulia mashuka ya hospitali, na hakuna shuka lililopita mkononi mwake likatoka na mkunjo. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, naye hakulikataa. Alisema kunyanzi anazozitoa kwenye mashuka hazipotei, zinahamia usoni kwake. Mashuka yanatoka vijana, yeye anatoka kikongwe.

Binti yake wa mwisho alipata nafasi ya kusomea uuguzi katika mji wa mbali wakati ana mtoto wa kike wa miaka miwili na nusu. Chuo hakikupokea watoto. Binti akaja kwa mama yake amejiinamia.

"Mama, nitaacha. Nitasoma mtoto akikua."

"Utasoma sasa. Mtoto niachie mimi."

"Na kazi yako je?"

"Kazi yangu ni ya mikono," akasema Bibi Kunyanzi. "Mgongo hauna shughuli."

Mchana nyumbani kwake hapakuwa na mtu, na shule ya watoto wadogo ilianza kupokea wa miaka minne. Kwa hiyo mjukuu alikwenda naye kazini. Pale kazini palikuwa na tangazo limebandikwa mlangoni, limekwishapauka kwa mvuke: mtoto wa mgongoni anaruhusiwa, mtoto anayetembea haruhusiwi. Halikuwekwa kwa roho mbaya. Zamani mtoto mmoja aliyekuwa akizurura mle ndani alivuta waya wa pasi, akaungua mkono, na wote waliokuwepo siku ile hawakusahau kilio kile.

Miezi ya mwanzo hakuna aliyesema kitu. Lakini mtoto alitimiza miaka mitatu, miguu ikarefuka, ikawa inaning'inia mpaka karibu na magoti ya bibi yake. Ndipo msimamizi, mwanamke wa makamo asiyecheka ovyo, akasimama mbele ya meza ya pasi.

"Mama, huyu mtoto anatembea?"

"Nyumbani anakimbia mpaka kuku wa jirani wamehama."

"Basi haruhusiwi."

"Tangazo linakataza mtoto anayetembea humu. Wewe umemwona anatembea humu?"

Fundi wa mashine za kufulia, kijeba cha mtu chenye sharubu, aliingiza kichwa ndani ya mashine kana kwamba amedondosha kitu, ili asionekane anavyocheka. Msimamizi yeye hakucheka.

"Sawa. Siku nitakayouona unyayo wake kwenye sakafu hii, harudi tena. Na siku hiyo sitaki tubishane."

"Hatutabishana, mwanangu."

Ilikuwa imebaki miezi tisa binti amalize chuo. Mtoto akikosa pa kushinda, bibi angeacha kazi au binti angeacha masomo, na Bibi Kunyanzi alimjua binti yake. Angepanda basi siku hiyo hiyo arudi nyumbani. Kwa hiyo ilibidi nyayo zile zisiguse sakafu miezi tisa, basi.

Mtoto mkubwa hafungwi kama kichanga. Bibi Kunyanzi alikuwa na mbeleko mbili za pamba nzito alizozipinda kingo mwenyewe. Ya kwanza ilipita chini ya makalio ya mtoto, kutoka goti hadi goti, miguu nje, ikafungwa juu ya kiuno. Ya pili ilipita mgongoni kwa mtoto, ikamfunika mikono, ikaja kifuani, asubuhi juu ya bega la kulia, mchana la kushoto, ili bega moja lisije likalalamika kwamba linaonewa. Alimfunga juu kabisa, kidevu kikae begani. Kila aliponyanyua pasi aliuliza, "Mikono iko wapi?" na mtoto akajibu, "Iko ndani." Asipojibu, pasi haikushuka.

Haja zote zilikwenda uani, nje ya mlango wa nyuma, na chakula kililiwa kwenye benchi la mlinzi. Mle ndani mtoto aliingia mgongoni na kutoka mgongoni. Wafanyakazi wakamwita Mheshimiwa, kwa kuwa hakanyagi chini. Siku moja waliwapandisha wote wawili kwenye mizani ya mafurushi, wakatoa uzito wa bibi, ikabaki kilo kumi na sita na nusu.

"Bibi, hilo ni furushi la wodi nzima," fundi akasema.

"La wodi halinipigii hadithi."

Na kweli alikuwa anaongea, yule mtoto. Kwa kuangalia juu ya bega siku nzima alijifunza kukunja kuliko wafanyakazi wageni. Pembe za shuka zikipishana kidogo tu, ilisikika sauti sikioni: "Bibi, pembe." Bibi akafungua, akakunja upya. "Mke mwenzangu huyu ana macho ya mkaguzi," alikuwa akisema.

Njiani majirani hawakukosa la kusema. Mwenye duka la kona alimuuliza kila siku kama mtoto ana miguu ya mapambo. Mwingine alimtishia kwamba mjukuu atasahau kutembea. Bibi Kunyanzi hakujibizana nao. Wakifika uani kwao jioni alifungua mafundo, akamwachia, na mtoto akazunguka nyumba mbio hadi giza linaingia, wakati yeye amekaa kizingitini anajikanda kiuno.

Ikabaki wiki tano. Siku hiyo gari la hospitali lilikuwa limeegeshwa nje linasubiri mashuka ya chumba cha upasuaji, na wapiga pasi wawili walikuwa wagonjwa. Bibi Kunyanzi aliinama kuokota foronya, akashindwa kuinuka. Mgongo ulikaza. Akabaki ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka.

"Bibi, nishushe, nitembee," mtoto akasema.

"Tulia hapo hapo."

Msimamizi alikuwa amekuja, amesimama hatua mbili tu. Mpiga pasi mwenzake akasogea, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mshushe, Bibi, utaumia."

"Nikimshusha, mama yake hamalizi. Nishikeni mabega tu, nitanyooka."

Hakunyooka. Fundi alikuwa amezamisha mikono kwenye mashine, waliobaki wana pasi za moto mikononi, na dereva anapiga honi. Msimamizi aliangalia chumba chote, akaangalia saa, kisha akageuka, akainama mbele ya mtoto.

"Mfungueni. Nipeni."

Wakamhamisha mtoto kutoka mgongo hadi mgongo bila kugusa chini. Msimamizi hakuwahi kubeba mtoto maishani mwake. Akamkunja miguu ndani kama kichanga, mbeleko ikaanza kuteleza.

"Siyo hivyo," mtoto akamwambia begani. "Miguu nje. Halafu vuta. Vuta tena."

Akavuta. Bibi Kunyanzi akawekwa kwenye kiti chenye mto, akaanza kukunja foronya kwa kukaa, na msimamizi akashika pasi yake, akawa anapiga na kukunja mashuka. Kila baada ya dakika chache ilisikika, "Pembe," na msimamizi akafungua shuka, akakunja upya. Gari liliondoka na mzigo uliotimia. Msimamizi akaegemea ukuta, blauzi imemganda mwilini.

"Mama, huyu umembeba miezi yote hii?"

"Na kupiga pasi."

Msimamizi hakulibandua tangazo. Lakini kesho yake saa nne, muda wa chai, alikuja mbele ya meza, akageuza mgongo, akasubiri. Alifanya hivyo kila siku kwa wiki tano, nusu saa asubuhi na nusu saa mchana, na fundo lake likawa zuri.

Binti alipokuja na cheti chake alimkuta mwanawe mgongoni kwa mtu asiyemjua, akashtuka. Bibi Kunyanzi akamwambia avute pumzi, huyo ni wa nyumbani. Msimamizi alimtoa mtoto hadi nje ya mlango, akapiga magoti, akamfungua mwenyewe. Mtoto akateremka na kumkimbilia mama yake.

Wiki ile Bibi Kunyanzi aliunguza foronya mbili, kitu ambacho hakikuwahi kutokea. Alisema mkono umezoea kuongozwa na uzito wa nyuma. Fundi akamuuliza mgongo unaendeleaje.

"Umepewa likizo," akasema, "haujui uende wapi."