Simu ya Mikono Miwili

Fundi aliacha kusikia akiwa na miaka minne, baada ya homa iliyomlaza wiki tatu. Ulimi wake ulibaki na maneno machache ya utotoni, "mama", "maji" na "sitaki", na hayo aliendelea kuyatumia ukubwani, hasa hilo la tatu. Mengine yote aliyasema kwa mikono. Alisoma shule ya viziwi, akajifunza ushonaji, na alipofika miaka thelathini na minane alikuwa na chumba chake cha kazi chini ya jengo la ghorofa tatu, mlango ukitazama barabara. Mle ndani kulikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu, na taa iliyowaka kila mteja alipobonyeza kengele. Nyuma ya pazia ndiko alikoishi na mama yake.

Wateja wa mtaani walimletea suruali za kupunguza na zipu za kubadilisha. Waliompa jina hasa walikuwa viziwi wenzake wa miji mingine. Kiziwi akienda kwa fundi asiyejua lugha ya alama hupimwa kama gunia: ananyanyuliwa mkono, anageuzwa huku na huku, anaonyeshwa kwa vidole arudi lini, na nguo ikitoka inakuwa ya matakwa ya fundi. Kwa huyu walipiga simu ya video wakaeleza kila kitu wenyewe, kola wanayoitaka na mahali pa mfuko. Yeye aliwaelekeza utepe upite wapi, wao wakapimana huko huko nyumbani. Nguo ikiisha, alituma kwa basi.

Kwa miaka mitatu alitumia vifurushi vya simu. Aliiegemeza simu kwenye mkebe wa nyuzi ili mikono yote miwili iwe huru, akavaa nguo nyeusi isiyo na maua ili vidole vionekane vizuri. Shida ilikuwa mtandao. Wanaosikia picha ikiganda huendelea kusema, "Endelea, nakusikia." Kwa viziwi picha ikiganda mazungumzo yamekwisha.

Mwezi mmoja akapigiwa simu na mama mmoja mkutubi, aliyetaka gauni la harusi ya mwanawe. Walipofika kwenye mikono ya gauni, mkutubi aligusa kiwiko chake, na hapo hapo picha ikaganda. Ilipofunguka alikuwa ameshahamia kwenye rangi ya bitana. Fundi akaandika: mikono iishie kwenye kiwiko. Alishona, akatuma. Baada ya harusi akapata ujumbe: "Nguo nzuri sana. Niliivaa na shali." Fundi akauliza shali ya nini na joto lote lile. Mkutubi akajibu kwamba mkono wake wa kushoto una kovu la moto tangu ujanani, ndiyo maana aliomba mikono ivuke kiwiko na kufika kwenye kifundo cha mkono.

Fundi aliusoma ujumbe ule mara mbili. Aliomba arudishiwe gauni, akalipachika mikono mipya bila malipo, lakini harusi ilikuwa imepita na picha zilikuwa zimeshapigwa.

Jumapili mdogo wake, aliyefanya kazi mapokezi kwenye kliniki, alikuja kuwatazama kama kawaida. Alikuwa anasikia, na alama alizijua tangu angali mtoto.

"Dada, weka mtandao wa nyumbani," alimwambia. "Kampuni ziko tatu hapa mtaani. Chagua moja, tuachane na vifurushi."

Mama yao, aliyekuwa akichambua vifungo, alidakia, "Hizo zote baba mmoja mama mmoja. Tofauti yao ni shati tu."

Ya kwanza ilikuwa kampuni ya nyaya, yenye ofisi ya vioo. Kijana wa mauzo aliwakaribisha, akaketi, akamgeukia mdogo mtu.

"Mwambie dada yako tuna kasi ya hadi megabiti arobaini."

"Mwambie mwenyewe, yuko mbele yako. Mimi nafasiri tu."

Fundi alikuwa ameshatoa daftari. Tangu shuleni alizoea kutembea nalo, kwa kuwa mtu asiyejua alama ilibidi amwandikie. Aliandika: *Arobaini ni ya kushusha. Ya kupandisha ni ngapi?* Mwalimu, rafiki yake wa tangu shule, ndiye aliyemfundisha swali hilo. Anayetazama filamu anahitaji kushusha tu, picha zinamjia. Anayezungumza kwa mikono anahitaji picha yake nayo ipande iende kwa mwenzake, na huko ndiko kampuni nyingi hubana.

Kijana alilisoma, akajikuna shingo, akaandika: *Inategemea.* Fundi akauliza kama waya umefika kwenye jengo lao. Kijana akasema kwa mdomo kwamba umeishia kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, ila baada ya wiki mbili utakuwa umevuka. Mdogo mtu akafasiri. Fundi akamsogezea daftari aiandike hiyo ya wiki mbili. Kijana akalitazama daftari, akatabasamu, akasema meneja wake hayupo. Fundi akachukua kalamu yake wakaondoka.

Ya pili iliuza kiboksi cha kuwekea laini ya simu, na muuzaji wake alikaa kwenye meza chini ya mwavuli. "Unachomeka tu mama, hata leo unaondoka nacho." Alikuwa mchangamfu, na hakujua lolote kuhusu kupandisha.

Ya tatu ilikuwa kampuni ndogo ya antena, yenye chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenyewe alikuwa mhandisi wa makamo, shati limekunjwa mikono, naye ndiye wa kwanza kuuliza mtandao ni wa kazi gani. Alipoelezwa, akalivuta daftari bila kuombwa. Aliandika kwamba kwake kushusha na kupandisha ni sawa, kumi kwa kumi. Akaandika pia kwamba antena lazima iuone mnara wao, kama mtu anavyomwona mwenzake, na kikitokea kitu katikati hakuna mtandao.

Fundi akaandika: *Na kikitokea baada ya kusaini?*

Mhandisi alifikiri, akaandika: *Tukishindwa kuupata mnara, mkataba unaisha siku hiyo. Hakuna faini. Vifaa tutachukua.* Fundi akamwonyesha mahali pa kusaini chini yake. Akasaini, akaweka tarehe, na kwa kuwa muhuri ulikuwa mezani, akagonga.

Bado Fundi hakutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mdogo wake alimwambia wauzaji wanaringia namba za kasi, naye akajibu kwamba namba hazimsaidii, yeye anataka kuona vidole. Kwa hiyo alitafuta jirani mmoja wa kila kampuni: mfamasia wa ng'ambo mwenye waya, msusi wa jirani mwenye kiboksi, na mzee mstaafu wa ghorofa ya juu mwenye antena. Jioni tatu mfululizo, saa moja, wakati watu wamerudi kazini na mtandao umelemewa, alibisha hodi kwa mmojawapo na simu mkononi. Upande wa pili alikuwa Mwalimu, katika mji wa mbali. Walikubaliana kila mmoja achague maneno ishirini magumu ya kamusi na kuyataja kwa vidole, herufi kwa herufi, mwenzake ayaandike.

Kwa msusi Fundi alipata maneno kumi na manane, lakini Mwalimu aliambulia saba. Mengine, alisema, yalifika kama mtu anayepepea inzi. Wateja waliokuwa wanasukwa walifuatilia shindano lile kuliko tamthilia kwenye runinga. Kwa mfamasia hakupotea neno hata moja. Kwa mzee lilipotea moja tu, na hilo, Mwalimu alikiri, ni kwa sababu alipiga chafya. Mzee aliyataka yale maneno yote, akavaa miwani akayasoma moja moja, akadai mawili hayapo kwenye lugha.

Waya ulikuwa bora, lakini waya ulikuwa ng'ambo ya barabara. Fundi akasaini na mhandisi.

Miezi mitano ilikwenda vizuri. Aliachana na simu, akanunua skrini kubwa ya mtumba akaitundika mbele ya cherehani. Wateja waliongezeka. Mama yake, ambaye mwanzoni alipita nyuma ya kamera akiinama kama anakwepa mvua, alizoea hata akaanza kuwasalimia watu kwa mikono na kuwauliza habari za watoto.

Kisha kwenye kiwanja kilichokuwa kitupu upande wa mnara, likaanza jengo. Ghorofa ya kwanza haikuleta neno, wala ya tatu. Walipomwaga zege la ghorofa ya nne, vidole vya wateja vilianza kukatika. Mhandisi alikuja mwenyewe, akapanda paani, akaihamishia antena kwenye pembe nyingine. Ikasaidia wiki tatu. Ilipofika ghorofa ya tano, skrini ikawa nyeusi kwa Fundi na kwa mzee wa juu.

Wakati huo kampuni ya mhandisi ilikuwa imenunuliwa na kampuni kubwa zaidi, naye amebaki kama mwajiriwa. Fundi alipoandika kwamba anataka kuvunja mkataba, alijibiwa apige simu huduma kwa wateja. Aliwaandikia kwamba yeye ni kiziwi. Wakamjibu kwa heshima, wakamtumia tena namba ile ile ya simu. Mdogo wake alipopiga, alisikilizishwa muziki nusu saa, kisha akaambiwa mkataba ni wa miaka miwili na anayeuvunja hulipa faini.

"Basi nitakwenda na miguu yangu," Fundi alisema.

Walikwenda watatu, yeye, mdogo wake na mzee. Meneja mpya aliufungua mkataba uliochapwa.

"Hapa hakuna kipengele cha jengo," alisema. "Mimi nafuata kilichoandikwa."

Mdogo mtu alifasiri. Fundi akaonekana kuridhika na jibu lile. Akafungua daftari kwenye ukurasa wenye muhuri, akaliweka mbele yake.

Meneja alisoma, akamwita mhandisi aliyekuwa meza ya pembeni. "Huu ni mwandiko wako?"

Mhandisi aliinama akatazama. Angeweza kusema hakumbuki, na pengine meneja alitarajia hivyo.

"Ni wangu," alisema. "Na muhuri ni wetu."

Meneja akasaini karatasi ya kumwachia Fundi. Hapo mzee naye akajitokeza. "Na mimi aliniambia hivyo hivyo, mwanangu."

"Alikuambia mbele ya nani, mzee?"

Mzee hakuwa na shahidi. Fundi alipofasiriwa, alichukua kalamu akaandika, akamsogezea meneja: *Mimi sikumsikia. Lakini paa letu ni moja, na lile jengo halijaziba upande wangu peke yake.* Meneja alisoma, akafunga faili. Mzee aliachiwa wiki mbili baadaye, kwa barua isiyo na maelezo. Mhandisi aliacha kazi pale mwaka ule ule, na haikujulikana kama ni kwa sababu hiyo au ya kwake mwenyewe.

Fundi akarudi kwenye vifurushi, na kwa tahadhari akawa anamtaka kila mteja arudie maelezo yote mara mbili. Waya ulioahidiwa wiki mbili ulikuwa umefikisha mwezi wa nane bila kuvuka barabara. Akarudi kwenye ofisi ya vioo. Safari hii alimkuta meneja, naye hakuzunguka: kuvusha waya ni kazi kubwa, hawavushi kwa mteja mmoja, wanahitaji wateja sita ndani ya jengo.

"Kumbe ni hilo tu," Fundi alimwambia mdogo wake njiani. "Wangesema tangu siku ile."

Alipita mlango kwa mlango na daftari, mzee akiwa msemaji wake. Mzee alikuwa na maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Aliwaeleza wapangaji habari za kushusha na kupandisha kana kwamba yeye ndiye aliyevumbua mtandao, na aliposhika kasi Fundi alimvuta shati. Wa kwanza walikataa. Mama mwenye watoto wanne alikubali kabla hawajamaliza salamu. Muuza vipuri alisema mpaka aone wengine, na alipoona majina matano akawa wa sita. Mwenye nyumba, aliyeombwa ruhusa ya kutoboa ukuta, akaomba awekewe na yeye.

Waya ulivuka siku ya Jumanne. Mafundi wawili walitoboa ukuta, vumbi likamwagikia kitambaa cha mtu, Fundi akasema lile neno lake la tatu kwa sauti mpaka wakatafuta turubai la kufunikia. Kufika saa nane taa zote za kiboksi kipya cha waya zilikuwa za kijani. Alimpigia Mwalimu. Hawakutaja maneno ya kamusi safari hii, walipiga porojo tu mpaka chai ya mama ikapoa mezani.

Katika porojo hizo Mwalimu alitoa ombi. Shuleni kwake kulikuwa na wasichana tisa waliotaka kujifunza kushona, cherehani tano za msaada, na mwalimu wa ushonaji anayesikia ambaye aliwaonyesha kwa ishara za kubahatisha. Je, Fundi angeweza kuwafundisha kwa skrini, Jumamosi asubuhi? Fundi alisema hajawahi kufundisha mtu. Mwalimu akasema hilo analijua. Fundi akasema atafikiri, na Alhamisi akauliza wasichana wana mikasi ya aina gani.

Jumamosi ya kwanza aliweka kamera mbili, moja ikimtazama yeye na nyingine ikielekea kwenye mguu wa cherehani, akaanza na kutia zipu. Alikuwa hajafika katikati alipomwona msichana wa safu ya nyuma amenyanyua mikono yote miwili. Fundi akasimamisha mashine akamwuliza kuna nini.

"Kidole gumba chako," msichana alisema, "kinaziba sindano."

Fundi alitazama, akaona ni kweli. Akasogeza mkono, akafumua mshono, akaanza upya.