Jakuzi la Mama Mkwe

Mtaani walimwita Dobi, ingawa hakuwahi kumfulia nguo jirani yeyote. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa akisukuma mashuka machafu ndani ya mashine upande mmoja na kuyapokea meupe upande wa pili. Alikuwa mfupi, mikono yake imebabuka kwa dawa, na alipenda kutania kwamba hakuna mgonjwa wa hospitali ile ambaye hajalala mikononi mwake.

Jakuzi lilinunuliwa na mumewe, dereva wa malori ya safari ndefu. Nyumba moja ya wageni ilikuwa inafungwa na kuuza vitu vyake, naye akarudi na beseni hilo kubwa la plastiki lenye pampu na hita yake, watu sita wakilishusha uani kama wanashusha jeneza. Alikaa ndani yake na marafiki zake mara mbili, wakapigana picha. Kisha safari zikamwita. Likabaki limefunikwa, na Dobi akawa anaanika soksi juu ya kifuniko.

Ndipo mama mkwe akahamia kwao. Baridi yabisi ilikuwa imemkamata magoti na vidole, asubuhi hawezi hata kufunga vifungo vya gauni lake. Mtaalamu wa viungo alimminyaminya, akasikia habari za jakuzi, akamgeukia Dobi.

"Mna bahati, mna jakuzi nyumbani. Dakika ishirini kila siku, maji nyuzi thelathini na nane, yasizidi hapo. Lakini msikatize. Viungo vya mtu wa umri huu vikishakaza, siwaahidi kitu."

Bibi huyo na Dobi hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Siku ya harusi mama mkwe alikaa kiti cha nyuma kabisa kama aliyekodiwa, na tangu hapo, kwa miaka kumi na moja, alimtaja mke wa mwanawe kama "yule wa mashuka". Lakini ndani ya maji ya moto ulimi wake ulilegea pamoja na magoti. Dobi aliketi kwenye kigoda ubavuni, amemshika mkono asiteleze, akisikiliza habari za miaka yake ya kugonga mihuri posta: barua za mapenzi alizozijua kwa harufu, na bosi aliyelala mchana na kuamka na muhuri kwenye paji la uso. Walicheka mpaka maji yakamwagika. Baada ya miezi mitatu, mama mkwe alitembea mwenyewe hadi getini, akamsalimu jirani, akarudi.

Dobi alijifunza kulitunza jakuzi. Kila asubuhi alichovya kikaratasi cha kupimia na kutazama rangi yake kabla ya kuongeza dawa. Kila Jumamosi alitoa kichujio na kukisuuza mpaka maji yatoke meupe. Kazi ya kufua tu, alijiambia, ila hii haihitaji pasi.

Kisha maji yakaanza kupungua.

Mwanzoni ilikuwa upana wa kidole kwa siku. Alidhani ni mvuke. Akafunika vizuri zaidi, bado yakapungua. Asubuhi moja alipokuwa anafagia nyuma ya jakuzi akaona sakafu imelowa, na mvua haikuwa imenyesha. Alisimama pale na ufagio wake, akaelewa.

Hakumwambia mtu. Wiki ile ile mumewe alikuwa amepiga simu na kusema, "Hilo dude likianza kusumbua, nalitoa. Kuna jamaa ananiulizia kila siku." Dobi aliwaza magoti ya mama. Aliwaza pia, na hili lilimtia haya, kigoda chake, zile dakika ishirini ambazo mwanamke yule alimwita mwanangu. Basi akawa anaamka mapema, anaburuta mpira wa maji na kujazia kabla mama mkwe hajafungua mlango. Mwezi ukapita hivyo.

Siku lilipoharibika, alifunua kifuniko na hakuna mvuke uliomgonga usoni. Alitumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Vuguvugu. Kipimo kilisema thelathini na moja.

Mama mkwe alikuwa tayari mlangoni, amejifunga taulo, anatetemeka.

"Mbona umesimama? Nishike."

"Yamepoa kidogo, Mama. Tusubiri."

"Kidogo kiasi gani?"

Dobi alirudisha kifuniko. Walisubiri kwa saa mbili. Kipimo kikashuka hadi thelathini.

Fundi bomba aliyekuja walimwita Taratibu, maana hakuwahi kuonekana na haraka. Alifungua mbao za ubavuni, akaingiza mkono, akautoa na kipande cha sponji kinachochuruzika maji meusi. Harufu ikajaa uani. Panya walikuwa wamejenga humo ndani, na ile sponji iliyopaswa kushika joto ilikuwa imelowa kuanzia chini hadi juu.

"Hili ndilo blanketi lake," alisema. "Sasa ni blanketi la maji. Hita yako inapasha moto sakafu. Imelowa tangu lini?"

"Sijui," alisema Dobi. Mama mkwe alikuwa anasikia.

Taratibu alimwonyesha kiungio cha bomba nyuma ya pampu, kimepasuka ufa mwembamba kama unywele. Ungekamatwa mapema, alisema, lingekuwa jambo la asubuhi moja. Sasa maji yamefika kwenye hita pia. Vifaa vitaagizwa. "Wiki mbili. Nikipata bahati, siku kumi na mbili."

Wakayamwaga maji yote. Yalitiririka hadi getini, yakaingia mtaroni, na Dobi akayaangalia kama mtu anayeangalia basi linamwacha.

Siku ya tatu mama mkwe alishindwa tena na vifungo. Dobi alichemsha maji na kumloweka mikono kwenye beseni la vyombo, lakini magoti hayaingii kwenye beseni. Kazini alianza kuiba joto: taulo zikitoka kwenye mashine ya kukaushia zinaunguza, anazisokomeza kwenye mfuko, anautia mfuko ndani ya koti, na wakati wa mapumziko ya mchana anakimbia nao nyumbani dakika kumi na tano. Akifika, anazikunjua juu ya magoti, na zimeshapoa. Kila siku alikimbia zaidi. Kila siku zilipoa.

Siku ya sita ilibidi ambebe mama mkwe kumpeleka chooni. Bibi alilia kwa aibu, akamwomba Mungu amchukue. Dobi alirudi kazini akasimama katikati ya mashine zinazonguruma, mahali ambapo mtu anaweza kupiga kelele na asisikike, akapiga.

Siku ya saba mama mkwe alimwuliza, akitazama dari, "Kitu kilikuwa kizima. Kimekufaje ghafla?"

Dobi aliweka kikombe chini. "Hakikufa ghafla, Mama. Kilikuwa kinavuja. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwezi na siku tatu. Nilikuwa najazia maji kabla hujaamka."

Mama mkwe aliondoa macho darini, akamtazama.

"Na kila asubuhi unanishika mkono."

"Niliogopa mwanao angeliuza, Mama."

"Huyo mimi ndiye niliyemzaa. Ungeniambia mimi." Kisha akageuza uso ukutani, na kwa siku mbili hakusema naye neno zaidi ya maji na choo.

Dobi akashuka uani na hasira za kujichukia. Aliing'oa sponji yote kwa mikono, magunia kumi na moja. Alikausha mbao kwa feni. Alikwenda kununua mbao za povu gumu, lile lisilonyonya maji, akazikata kwa kisu cha mkate, akazibandika upande wenye karatasi ya rangi ya fedha ukitazama ndani, akaziba kila ufa kwa utepe. Karibu na pampu aliacha kidirisha, ili mtu aweze kuchungulia na kurunzi wakati wowote. Taratibu alipokuja na kiungio na hita mpya siku ya kumi na mbili, alilizunguka jakuzi mara mbili.

"Mama," alimwambia Dobi hatimaye, "umelifungasha kama unataka kulituma mbali."

Maji yalichukua siku nzima na nusu kupanda. Dobi aliomba ruhusa kazini, akakaa kando ya kipimo. Kilipofika thelathini na nane alimbeba mama mkwe mgongoni, akamshusha taratibu. Mguu wa kushoto ukaelea, ukanyooka. Wa kulia ukabaki umekunjwa. Wakangoja dakika ishirini. Dobi akaanza kulisugua lile goti chini ya maji, akiliambia lifunguke, akilibembeleza, mwisho akiliamuru. Dakika arobaini. Ngozi ya vidole vyao wote wawili ikajikunja.

"Nitoe," alisema mama mkwe. "Limekataa."

Mtaalamu wa viungo alilipima wiki iliyofuata. Vidole vitarudi, alisema, na kweli vilirudi kiasi cha kushika kikombe na kufunga vifungo vikubwa. Goti, hapana. Mama mkwe hakutembea tena hadi getini.

Dereva alirudi likizo miezi miwili baadaye, akamkuta mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Aliangalia kiti, akamwangalia mkewe.

"Nini kimetokea hapa?"

Dobi alifungua mdomo. Mama mkwe akamtangulia.

"Jakuzi lilivuja, likatengenezwa. Wewe ulikuwa wapi?"

Dereva akainamisha kichwa, akavua viatu vyake, akavivaa, akavivua tena. Hakuuliza lingine. Dobi alibaki amesimama na taulo mkononi. Alikuwa ameyaandaa maneno yake kwa wiki nane, ameyapanga kama mashuka, na sasa hapakuwa na wa kuyapokea. Alitamani asemwe, afokewe, hata afukuzwe. Mama mkwe akanyoosha mkono wake uliopinda.

"Nipeleke, maji yanangoja," alisema, na Dobi akainama, akampa mgongo wake apande.