Dari Yangu Inanuka Omena

Jameni, dari yangu ya jikoni inanuka omena, wale dagaa wa ziwani, na mimi sijapika omena.

Hapa Rongo mvua haijanyesha, lakini dari inadondosha maji. Nikapanda kwa jirani wa juu, Mama Akinyi.

"Sinki yako inavuja?"

"Iko sawa. Na mimi hata sikulangi omena."

Nimetaja omena saa ngapi?

Nikaita mwenye nyumba na fundi. Fundi akatoboa dari. Maji pwaa! Na omena tatu juu ya meza yangu.

Mama Akinyi akashika kiuno. "Kumbe wewe huficha omena huko juu usitugawie?"

Mwenye nyumba akanigeukia MIMI. "Basi dari utatengeneza wewe."

Nyinyi mnaoosha omena kwa sinki mpaka mchanga uishe, njooni mnitetee.

Ama na nyinyi hamkulangi?