Paka wa Nyuma ya Kochi

Mama mkwe wangu alikaa kwetu Kapsoit wiki tatu na siku mbili, na sehemu ya muda huo mimi nilikuwa paka. Sijitetei. Nilikuwa paka mzuri, nilikunywa chai yangu polepole na sikuvunja kitu.

Nianze na macho. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na kilichobaki kwake kilikuwa mwanga na vivuli. Daktari wa Kericho mjini alikubali kumpasua, ila alipompima akakuta presha iko juu. Akampa dawa, akasema apumzike mahali pa karibu, asiudhiwe na mtu, arudi baada ya wiki tatu. Kwao ni Kisii, ndani kabisa, mahali ambapo barabara yenyewe inaweza kukupandisha presha. Mahali pa karibu palikuwa kwangu.

Sasa, sisi Wakipsigis tunamheshimu mama mkwe, na nilidhani najua heshima ni nini mpaka nilipooa Kisii. Najua siku hizi wapo wanaokumbatiana na wakwe zao hadi mlangoni pa kanisa. Mama huyu si wa siku hizi. Kwake, mume wa binti yake hapewi mkono, haketi naye chumba kimoja, hali naye meza moja, wala hatazamwi usoni. Katika miaka kumi na minne ya ndoa yetu alikuwa ameona viatu vyangu tu. Siku ya harusi alivitazama kwa makini sana, na siku hiyo nilikuwa nimeviazima.

Kabla hajafika, mke wangu aliniita jikoni.

"Baba watoto, sikiza vizuri. Mama akikasirika, presha inapanda. Presha ikipanda, hawampasui. Na akiona heshima imevunjwa kwa hii nyumba, atabeba mfuko wake arudi nyumbani, na hakuna mtu atamtoa huko tena. Atakaa kipofu, na sababu itakuwa wewe."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Usikuwe tu."

Basi nikawa siko. Mama alipewa sebule, pamoja na televisheni. Mimi nilipewa jikoni, ambayo kwetu ni nyumba ndogo ya nje, na benchi la veranda. Asubuhi nilichuma chai, nikapeleka kituo cha kununulia, nikarudi, nikaketi kwenye benchi langu kama mtu anayesubiri kuitwa kwa ofisi ya chifu. Mama aliongea lugha mbili na binti yake. Akitaka nisisikie, alisema Kikisii. Akitaka nisikie, alisema Kiswahili, tena kwa sauti.

Kilichoniponza ni kipindi cha saa tisa. Kituo kimoja cha televisheni kilikuwa kinarudia vichekesho vya zamani kila alasiri, na mtangazaji aliwauliza watazamaji swali moja tu: ni kichekesho kipi kilichobeba muongo wake? Watu walituma ujumbe, naye akausoma. Mama hakuwa anaona chochote ila mwanga ukirukaruka, lakini masikio yake yalikuwa ya mlinzi wa benki. Siku ya pili nikamsikia dirishani akisema Kiswahili.

"Miaka ya tisini ndiyo ilikuwa na kichekesho. Kile cha saluni. Hiki cha lifti ni upuzi. Mtu anakaa tu ananyamaza."

Niliumia. Kile cha lifti kilihusu mzee mmoja aliyeajiriwa kuendesha lifti ya jengo la serikali, na lifti ilikuwa imekufa tangu siku ya kwanza. Lakini kazi ni kazi. Kila asubuhi alivaa kofia, akaingia ndani, akafunga mlango. Baba yangu alinunua televisheni ya kwanza katika mtaa wetu kwa bonasi ya chai, ndogo, nyeusi na nyeupe, ya kutumia betri ya gari, na kijiji kizima kilikuja. Baba hakuwa mtu wa kucheka. Hakucheka harusini, hakucheka ng'ombe wa jirani alipokula kofia ya mhubiri. Kwa kile cha lifti alicheka mpaka akatoka nje kujipangusa macho. Mtu akikitukana kichekesho hicho ni kama amenikanyagia baba.

Lakini ungemjibuje mama mkwe? Nikatoa simu, nikamjibu kupitia Nairobi. "Kichekesho cha miaka ya themanini ni kile cha lifti, hakuna ubishi. Muongo mzima tulikuwa tunangoja ndani ya kitu kilichosimama. Asiyeona hivyo bado hakuwa amezaliwa. Mchuma Chai, Kapsoit."

Mtangazaji aliusoma kesho yake, kwa madaha. Alipofika penye "asiyeona" ndipo nilipokumbuka ninabishana na nani. Kisha nikasikia mama akimwambia binti yake achukue simu aandike, na alisema Kiswahili kila neno.

Jibu lilisomwa siku iliyofuata. "Huyo Mchuma Chai afundishwe adabu. Mimi nilizaliwa kitambo na nikazaa. Miaka ya themanini kwetu tulikuwa tunasimama dirishani kwa mwalimu mwenye televisheni, tunaona migongo ya watu. Kichekesho cha muongo ni kile watu wanarudia kesho yake kwa mashine ya kusaga posho. Lifti hakuna mtu alirudia. Atarudia nini, na jamaa amenyamaza? Mgeni, Kapsoit."

"Jamani, Kapsoit kuna nini?" mtangazaji akauliza nchi nzima. "Nyinyi wawili mbona msikutane mnywe chai? Si chai iko huko!"

Mke wangu aliangusha kifuniko cha sufuria.

Tukaendelea hivyo wiki nzima. Mimi niko benchi, mama yuko kochi, ukuta mmoja katikati, na maneno yetu yanakwenda Nairobi na kurudi. Mke wangu alikuwa karani wa mmoja na mke wa mwingine, na alikataa kusema neno isipokuwa kwamba yeye kura yake ni ya miaka ya elfu mbili, kile cha jamaa aliyepanda mti kutafuta mtandao, na kwamba sisi wawili tunafanana kupita kiasi.

Halafu ikaja mvua. Anayeijua Kericho anajua mvua yake ina saa, na saa yake ni ile ile ya kipindi. Ilipiga mabati, mvua ya mawe ndani yake, nikawa sisikii hata mawazo yangu. Ilikuwa ni zamu ya kile cha saluni, na nilitaka nikisikie vizuri ili nikiponde vizuri. Mke wangu alikuwa shambani kuangalia majani ya chai yanavyochanwa na hayo mawe. Nikavua gambuti. Nikaingia kwa magoti, nikapita nyuma ya kochi, nikaketi sakafuni kwenye kona, mahali ambapo mtu mwenye macho kama yake angeona giza tu.

Nakiri kile cha saluni kilikuwa kizuri. Dada wawili wana saluni, na kuna mteja ambaye kila siku yuko chini ya mashine ya kukausha nywele. Kwa kuwa hasikii, watu wanamwaga siri zote mbele yake. Miaka inapita ndipo inajulikana mashine iliharibika zamani na mama yule amesikia kila kitu. Mahali fulani dada mdogo alianza kueleza mambo ya chumbani. Nikaacha kupumua. Mama akakohoa, akapapasa rimoti, akapunguza sauti. Baada ya kama dakika moja akaiongeza kidogo.

Nilirudi kesho yake, na kesho kutwa. Tabia mbaya haihitaji mwalimu. Mke wangu alinikuta, akafungua mdomo, akaona mama ametulia, akaufunga. Macho yake yaliniambia yote ambayo mdomo haukusema.

Siku ya nne wakaonyesha kile cha lifti, na kipande chenyewe kilichomchekesha baba. Mkubwa mmoja kutoka wizarani anaingia na mkoba wake, anasema, "Juu." Mzee anafunga mlango. Kisha hakuna neno. Wanasimama tu. Mkubwa anarekebisha tai. Mzee anatazama dari kama anayehesabu ghorofa. Wanayumba kidogo, wote wawili, kwa heshima ya safari. Baada ya muda mrefu mno mzee anafungua mlango, mahali pale pale, na mkubwa anatoka, anavuta pumzi, anaangalia huku na huku, anasema, "Kumbe huku juu ni kuzuri."

Niliziba mdomo kwa mikono miwili. Kicheko kikatokea puani, na sauti yake ilikuwa ya ndama aliyekanyagwa.

Mke wangu aliganda mlangoni na trei. Mimi niliona mfuko wa mama ukifungwa, macho yake yakibaki hivyo hivyo hadi kaburini, na mashemeji zangu wakija kuniuliza. Mama hakugeuka. Akasema kwa Kiswahili:

"Paka wenu amekula nini leo?"

Hatukuwa na paka. Hatujawahi kuwa na paka.

"Amekula tu kawaida, mama," mke wangu akasema.

"Muwekee chai. Sakafu ni baridi."

Tangu siku hiyo kikombe kiliwekwa nyuma ya kochi kila saa tisa, chai ya maziwa, sukari mbili. Sijui mama alimaliza vipi hesabu hiyo na mila zao, na sikuuliza. Paka haulizi. Nilichoelewa ni kwamba macho yake mabaya yalikuwa yametupa ruhusa: asichoona hakipo, na kisichokuwapo hakivunji heshima. Alianza hata kunisemesha, akitazama televisheni. "Paka huyu anacheka wakati wa kimya. Sijui anachekea nini. Mimi nasikia mlango umefungwa, mlango umefunguliwa, basi." Hapo ndipo nilipoona aibu. Nilikuwa nimebishana siku zote hizo juu ya kichekesho ambacho uzuri wake wote ni wa macho, na mtu ambaye zamani aliona migongo ya watu na sasa anaona vivuli.

Na presha ilikuwa inashuka. Mke wangu aliipima asubuhi na jioni, akaandika ukutani kwa chaki, na kila tarakimu ilikuwa chini ya ya jana. Nyumba nzima ilifurahi. Mimi pia nilifurahi, lakini niseme ukweli, kuna asubuhi moja niliitazama ile chaki na moyo ukashuka pamoja nayo. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo. Hakuna mwanamke wa umri ule aliyewahi kuniwekea chai bila kuombwa. Akipata macho, paka amekwisha. Nilijiona mtu mbaya, nikaenda kuchuma chai mpaka vidole vikauma.

Siku ikafika, wakampasua, jicho la kulia kwanza. Walipotoa bandeji, mke wangu aliniambia, mama alitazama mikono yake mwenyewe, akauliza ni ya nani, imezeeka hivi. Alirudi kwetu akiwa na dawa za kudondoshea na miwani myeusi ya kuvaa akitoka nje. Kwao angerudi Jumamosi.

Alhamisi sikuingia. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya mashindano ya vile vichekesho, na sikuingia vilevile. Nilikaa kwenye benchi langu, mvua ikapiga mabati, sikusikia chochote. Mke wangu akatokeza kichwa.

"Mama anauliza paka amelala wapi leo."

"Anaona sasa."

"Anajua anaona. Ni macho yake. Ingia!"

Niliingia kwa magoti. Mama alikuwa amesogeza kiti karibu na televisheni, na leso aliyojifunga kichwani ameishusha pande zote mbili za uso, aone mbele tu. Kikombe changu kilikuwa mahali pake. Nikajibanza.

Mtangazaji alitangaza washindi. Cha miaka ya themanini hakikuwa cha lifti. Kilikuwa cha mpishi wa gereza, kichekesho ambacho nyumbani kwetu hakuna aliyekikumbuka. Cha saluni nacho kilishindwa. Mama akasema neno moja la Kikisii ambalo mke wangu hajawahi kunitafsiria. "Lakini," mtangazaji akaongeza, "kwa sababu ya wale wagomvi wetu wa Kapsoit, tunawawekea lifti mara ya mwisho."

Mkubwa akaingia na mkoba. Akasema, "Juu." Mlango ukafungwa. Kimya kikaanza, na safari hii mimi sikutazama televisheni. Nilitazama mgongo wa mama.

Mkubwa alirekebisha tai. Mzee alitazama dari. Wakayumba. Mabega ya mama yakaanza kutikisika. Mlango ulipofunguliwa mahali pale pale, mama alipiga kicheko ambacho sikujua kinaweza kukaa ndani ya mwili mdogo vile. Akapiga mapaja. Akainama. Leso ikaanguka. Nami nilikuwa nimesimama kwa magoti, kidevu juu ya mgongo wa kochi, machozi yananitoka. Mtu akicheka hivyo hugeuka kutafuta mwenzake, na mama akageuka.

Tukatazamana. Mke wangu akashika ukuta. Mama hakufumba macho wala hakuyaondoa haraka. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa, kuanzia nywele hadi kidevu. Kisha akaokota leso, akajifunga upya, akaikabili televisheni, na akamwambia binti yake, kwa Kiswahili:

"Kumbe paka wenu ameota mvi. Muongezee chai."